Je, Wajua? Redio ya dola 25 kwenye njia ya misafara

Msomaji, sogea hapa benchini. Leo tunaifuata njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, na mzigo wetu ni redio za ridhaa: zile za watu wanaozungumza hewani kwa kujifunza na kujifurahisha, bila kulipwa hata senti. Tena tumechagua za bei ya mnyonge. Zimejaa vituko, na zinafanya kazi kweli. Haya, twende!

NJIA NA MZIGO

Je, wajua kwamba wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo? Walifika tarehe 7 Novemba 1857. Wimbi la redio huruka kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kama kilomita 690 kwa mstari ulionyooka, kwa sekunde 0.0023. Hujapepesa jicho, limeshafika!

Waya uliwahi kuwa dhahabu huku, wajua? Msafiri Stanley akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 alielezwa kwamba shanga ni sawa na sarafu za shaba, kitambaa ni sawa na fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, ni sawa na dhahabu. Akafungasha frasila 10 za waya mnene, karibu unene wa waya wa telegrafu. Mwanaredio wa leo akiwa na mita 20 tu za waya mwembamba, tayari ni tajiri.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Redio iitwayo QCX-mini, ya wati 5 na ya alama za Morse, ina gramu 202 tu. Piga hesabu: mpagazi mmoja angebeba zaidi ya 140, na kila moja ina uwezo wa kuvuka bahari kwa sauti yake!

Je, wajua kwamba wanaredio wameigawa dunia nzima katika viwanja 324, kila kimoja kwa herufi mbili? Sasa shika hii: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora na Ujiji zote zimo katika kiwanja kimoja, KI. Njia yote ya misafara, herufi mbili!

Ukitaka kubana zaidi, kila kiwanja kina vyumba 100. Bagamoyo ni KI93, Ujiji ni KI45, na mji wa Tabora ni KI64. Ukimtajia mwanaredio wa Japani "KI64", atajua uliko bila kukuuliza nchi.

Na unajua ni kifaa gani kikubwa ajabu kilichowahi kupita Tabora kikiwa vipande vipande? Ni meli! MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku 5,000 na kusafirishwa hadi Kigoma kuunganishwa upya. Iliteremshwa ziwani Februari 1915.

Subiri, haijaisha. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikakaa chini ya maji miaka 8, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ukisikia mtu anasema kitu cha kuunganisha kwa mkono hakidumu, mtajie Liemba.

Je, wajua kwamba Tabora iliwahi kutengeneza fedha zake? Mwaka 1916, vita ikiwa imefunga bahari, mafundi wa karakana ya reli waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Za heller 20 ziligongwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, zikiwa na herufi T ya Tabora. Ufundi wa kutumia kilichopo ulianza zamani hapa!

Mwaka 1914 una mambo. Februari, reli ya kati ilifika Kigoma. Mwaka huohuo, huko Marekani, Hiram Percy Maxim akaanzisha chama cha wanaredio cha ARRL, ambacho bado kipo. Agosti 8, manowari ya Uingereza, Astraea, ikaulenga mnara wa redio wa Dar es Salaam kwa mizinga. Kumbe redio ilikuwa shabaha ya mapema kabisa ya vita hiyo huku kwetu!

KIJIREDIO CHA MKONONI

Haya, shika hii mkononi. Redio ya upepo ya Baofeng UV-5R ilitoka China mwaka 2012, na bei yake imekuwa ikizunguka dola 25. Zamani, redio ya mkononi ya ridhaa mara nyingi ilikuwa ya mamia ya dola. Bei ilianguka kwa kishindo!

Ilianguka vipi? Fungua mgongo uone: kazi ambayo zamani ilitaka bodi iliyojaa vipande, inafanywa na chipu moja ndogo kuliko ukucha. Inapokea, inarusha, inachuja sauti. Vilivyobaki ni kikuza nguvu, spika, kioo na betri.

Je, wajua inabeba nini zaidi? Chaneli 128 za kukumbuka, redio ya FM ya kusikilizia taarifa ya habari, na tochi. Ndiyo, tochi! Umeme ukikatika, redio yako ndiyo taa.

Sasa tega sikio. Redio hii inaweza kurusha kati ya megahezi 136 na 174, na tena kati ya 400 na 520, jumla megahezi 158. Katika Kanda ya 1 ya dunia, ambamo Afrika yote imo, za ridhaa ni 144 hadi 146 na 430 hadi 440, yaani 12 tu. Nyingine zote zina wenyewe, wakiwemo polisi, kwa hiyo usibonyeze hovyo!

Umesimama uwanda wa Tabora na kijiredio mdomoni. Je, wajua upeo wa wimbi lako uko kilomita ngapi? Kama 5 tu, kwa sababu dunia imejipinda. Mwenzako naye akiwa amesimama, jumla ni 10. Panda kichuguu kirefu uone tofauti!

Antena fupi inayokuja na redio ni ya kubebeka, haikuumbwa kwa nguvu. Robo ya wimbi la megahezi 145 ni sentimita 50 hivi, na ile iliyo dukani haifiki hata nusu ya hapo. Ndiyo maana watu hubadilisha antena kabla ya kubadilisha redio.

Je, wajua dawa ya bure? Chukua waya wa sentimita 49, ufunge kwenye shina la antena, kwenye chuma cha nje, uache uning'inie. Redio imepata mkia, na sauti yako inasikika vizuri zaidi kule uendako. Gharama: waya wa kuokota.

Sasa ubaya wake, maana urahisi una pembe. Redio ikirusha megahezi 145, kivuli chake hujitokeza kwenye 290, na kingine kwenye 435. Sheria ya Marekani inataka kivuli kiwe dhaifu kuliko sauti yenyewe angalau mara 10,000.

Na je, zinatii? Maabara ya ARRL ilipima redio nyingi za mkononi, zikaonekana baadhi ya hizi za bei nafuu zinashindwa kipimo. Kinachopungua ni kichujio: koili chache na kapasita chache za senti kadhaa. Senti hizo ndizo zinazotenganisha redio safi na redio chafu!

YA KUUNGANISHA MWENYEWE

Je, wajua kopo la samaki linaweza kurusha mawimbi? Mei 1976, Mmarekani Doug DeMaw alichapisha mchoro wa kirushio cha transista 2 kilichojengwa juu ya kopo la jodari. Nguvu haikufika hata nusu wati. Watu wanakiunda mpaka leo!

Sufuria nayo? Mwaka 1949, hapa jirani Zambia, iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin alitaka redio ambayo mwananchi wa kawaida angeimudu. Kampuni ya Ever Ready ikaipachika ndani ya mwili wa sufuria ya alumini, bila mpini. Bei: pauni 5. Betri yake ilidumu saa 300!

Kuna kijiredio cha kulehemu mwenyewe kinachoitwa Pixie, kinauzwa chini ya dola 5. Siri yake ni hii: transista ile ile inayorusha ndiyo inayogeuka kuwa sehemu ya mapokezi ukinyamaza. Kifaa kimoja, kazi mbili, bei ya chipsi kuku!

Unaifahamu transista 2N2222? Ilitoka mwaka 1962, mwaka uleule Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Bado inatengenezwa, bado inauzwa kwa senti, na bado imo katika redio zinazochorwa leo.

Je, wajua washa ya bomba la maji inaweza kuwa kiini cha redio? Mhindi Ashhar Farhan wa Hyderabad alipochora redio yake ya BITX mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakutaka mtu akwame kwa kukosa vipande vya kuagiza ng'ambo. Akasokota koili juu ya washa za plastiki za bomba. Zikaimba!

Baadaye redio hiyo ilianza kuuzwa ikiwa bodi iliyokwisha kuundwa. Bodi ya BITX40 iliwahi kuuzwa kwa dola 59, na koili zake zilisokotwa kwa mkono na kikundi cha akina mama wa Hyderabad. Ndugu yake, uBITX, alikuja na wati 10 na masafa ya megahezi 3 hadi 30 kwa dola 109.

Na ile QCX, mama yake QCX-mini? Hans Summers aliichora mwaka 2017 ili vijana waliokusanyika kambini Uingereza wailehemu wenyewe. Bei ilikuwa dola 49. Zaidi ya 10,000 zimeshauzwa!

Sasa gusa kikuza nguvu chake. Transista 3 aina ya BS170, za senti chache kila moja, zinatoa wati 5 bila kipande cha bati cha kupozea. Zinafunguka na kufunga kwa wakati unaofaa tu, hivyo umeme mwingi unakwenda hewani na kidogo sana unageuka joto. Mtindo huo ulitangazwa na Nathan na Alan Sokal mwaka 1975.

Je, wajua zamani, kwenye redio nyingi, kila masafa yalihitaji fuwele yake? Ulitaka chaneli 10, ulinunua fuwele 10. Leo chipu ya Si5351, ya dola moja au mbili, inakupa kutoka kilohezi 8 hadi megahezi 160, tena inatoa mawimbi 3 kwa pamoja.

Ukifungua redio hizi utaona vipete vya rangi vilivyozungushiwa waya. Rangi si urembo: chekundu na cha njano ni vya masafa mafupi, na kila rangi ni unga tofauti wa chuma. Kuhesabu nako kuna kanuni: kila waya unapopita tunduni, huo ni mzunguko mmoja. Wanaoanza hukosea hapo kila siku!

Hii nayo? Redio ya (tr)uSDX ina masafa matano, wati 5, na inaongea kwa sauti ya mtu, si Morse peke yake. Ubongo wake ni chipu ya ATmega328, ile ile iliyomo katika bodi za Arduino za wanafunzi. Nafasi ya programu ni kilobaiti 32, na picha moja ya simu yako inakula zaidi ya mara 50 ya hapo!

Je, wajua ipo redio isiyotaka betri kabisa? Ni redio ya fuwele: nguvu ya wimbi la kituo ndiyo inayotikisa spika ya sikioni. Mwaka 1944, askari mahandakini Anzio, Italia, waliziunda kwa wembe na ncha ya penseli.

WAYA JUU YA MWEMBE

Haya, redio unayo. Antena je? Gawanya 143 kwa megahezi zako, umepata urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na sentimita 14: kata katikati, kila upande mita 10, kazi imekwisha. Hakuna kiwanda kinachokuzidi hapo!

Je, wajua waya wa antena ya TV unafaa karibu bila kasoro? Antena hiyo ya mikono miwili ina ukinzani wa omu 73 hivi ikiwa juu peke yake. Waya wa TV una omu 75. Ni kama waliagana!

Na nguzo? Njia ya misafara ilipandwa miembe, na mingine bado inatoa kivuli. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia UNESCO, Kwihara ya Tabora ikiwemo. Miti ya urithi iache ipumzike. Tafuta mwembe wa nyumbani kwako, rusha kamba kwa manati, vuta waya.

Usihuzunike kama mwembe wako ni mfupi. Kwa megahezi 7, waya ulio mita 5 hadi 10 tu kutoka chini hupeleka mawimbi juu, yanagonga tabaka la hewa lililo kilomita 300 hivi angani, kisha yanashuka kama mvua pande zote. Kutoka Tabora, Kigoma iko kilomita 350, Mwanza 280: zote zimo. Hakuna mnara, hakuna vocha!

Vihami vya mwisho wa waya? Kata vipande vya chupa ya plastiki au bomba la PVC, toboa matundu mawili. Koili kubwa nayo husokotwa juu ya bomba hilohilo. Duka la vifaa vya maji ni duka la redio, ila muuzaji hajui!

Waya wa kusokotea unauliza? Mwone fundi anayesuka mota. Feni iliyoungua na transfoma iliyokufa zimejaa waya wa shaba uliopakwa vanishi, ndio huohuo unaotakiwa. Kwa wengine takataka, kwako koili.

Je, wajua futi ya chuma ya fundi seremala ni antena? Ikate vipande vitatu, kirefu kiwe sentimita 105, vifunge kwenye bomba la PVC. Umepata antena ya mwelekeo ya megahezi 145 inayokunjika ukipita mlangoni na kujinyoosha yenyewe ukitoka!

Utajuaje kama umepima sawa? Kuna kifaa cha NanoVNA kinachoingia mfuko wa shati, bei yake kama dola 50. Kinapima kutoka kilohezi 50 hadi megahezi 900 na kukuchorea grafu. Zamani kipimo cha aina hiyo kilikuwa cha maabara, bei yake maelfu ya dola.

Umeme nao usikutishe. Redio nyingi ndogo za kuunganisha zinakula volti 12. Bodaboda ina betri ya volti 12. Sola ya nyumbani ina betri ya volti 12. Kumbe kituo chako tayari kina umeme!

NGUVU KIDOGO, SAFARI NDEFU

Je, wajua wati 100 hazikupi mara 20 ya wati 5 masikioni? Kwenye mita ya mapokezi, tofauti ni alama 2 na kidogo tu. Ukisikika vizuri kwa 100, kuna uwezekano mkubwa utasikika kwa 5.

Morse ndiyo bingwa wa uchumi. Sauti ya mtu inataka nafasi ya hezi 2,700 hivi hewani. Morse inatosheka na 150. Nguvu yote inabanwa kwenye uzi mwembamba, ndiyo maana redio ya dola 49 inavuka bahari.

Kuna mwanafizikia mwenye Nobel ya mwaka 1993, Joe Taylor. Akastaafu? Wapi! Mwaka 2008 alitoa mfumo wa WSPR, ambao kompyuta huunasa ukiwa umezama mbali ndani ya kelele, sikio lisipoweza kusikia kitu. Miliwati 200, chini ya balbu ya tochi, huzunguka nusu ya dunia!

Na ujumbe wa WSPR una nini? Mambo matatu tu: alama ya kituo, chumba chako cha ramani, na nguvu unayotumia. Ukirusha kutoka Tabora, ile KI64 itaonekana kwenye ramani za dunia baada ya dakika 2.

Je, wajua puto la sherehe limewahi kuzunguka dunia likiwa na redio? Wanaredio hurusha vijikifaa vya gramu 10 hadi 15, vyenye sola nyembamba, na upepo wa juu huvichukua. Baadhi vimezunguka dunia zaidi ya mara moja, vikituma habari njia nzima.

Mwaka 2012 watu waligundua kwamba kijiti cha USB cha kuangalizia TV, cha dola 20 hadi 30, kinaweza kugeuzwa mpokezi wa karibu kila kitu kuanzia megahezi 24 hadi 1,766. Kompyuta inamaliza kazi iliyobaki. Waliokichonga kwa ajili ya TV hawakuwaza hilo!

Sasa inua macho. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku 3 baadaye, Desemba 12, satelaiti ya kwanza ya wanaredio, OSCAR 1, ilipaa, ikiwa imewekwa mahali pa uzito wa kusawazishia roketi. Iliundwa na watu wa ridhaa kwa muda wao wa ziada!

Springi iliyoisukuma OSCAR 1 kutoka kwenye roketi, wajua iliuzwa kiasi gani? Dola 1 na senti 15, kutoka duka la Sears. Ilituma herufi mbili tu za Morse, HI, kwa majuma 3 hivi, na zaidi ya wanaredio 570 wa nchi 28 waliripoti kuisikia.

Kituo cha anga cha kimataifa hupita juu ya Tabora kwenye kimo cha kilomita 400 na kidogo, kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Wanaanga waliomo wana redio ya ridhaa, na sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.800. Kijiredio cha dola 25 kinaipokea!

Hii ndiyo tamu kuliko zote. Novemba 2018 Qatar ilirusha satelaiti ya Es'hail-2, iliyobeba kituo cha kwanza cha wanaredio kilichosimama mahali pamoja angani. Inaonekana kutoka Brazil hadi Thailand. Na ukiwa Tabora iko nyuzi 80 juu ya upeo wa macho, karibu utosini!

Unaipokeaje? Kwa dishi la kawaida la TV na kichwa chake, ile LNB unayoifahamu. Kurusha ni kwa megahezi 2,400, jirani kabisa na Wi-Fi, na wati chache zinatosha. Sauti inakwenda na kurudi kwa robo ya sekunde, ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 70,000.

Bado unabeza wati chache? Chombo cha Voyager 1, kilichoondoka mwaka 1977, kinatuita kutoka zaidi ya kilomita bilioni 24 kwa kirushio cha wati 23 hivi. Tofauti ni masikio: huku chini kinasikilizwa kwa madishi makubwa ajabu. Antena, msomaji, antena!

ALAMA NA RUHUSA

Je, wajua kila nchi ina alama yake hewani? Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Leo Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Ukiisikia 5H, umeisikia Tanzania.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Lakini katika orodha maarufu ya nchi ya wanaredio, Zanzibar iliendelea kuhesabiwa peke yake mpaka tarehe 31 Mei 1974. Miaka 10 zaidi!

Wanaredio nao wana sikukuu. Ni tarehe 18 Aprili kila mwaka, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1925 chama chao cha dunia kilizaliwa mjini Paris. Mwaka 2025 kilitimiza miaka 100.

Na la mwisho ndilo la kwanza. Kusikiliza stesheni za redio hakukutaki cheti, lakini kurusha kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Redio ya dola 25 ikitumiwa bila leseni inaweza kukugharimu kuliko redio ya dola 2,500.

Basi hukumu yetu ni hii: redio ya bei nafuu haina aibu, mradi mchoraji wake hakubania kichujio na mwenye nayo hakubania antena. Kama una shilingi chache tu, usikimbilie redio kubwa; nunua waya kwanza, pata leseni, kisha ulehemu kijiredio chako mwenyewe. Tabora ina miembe, ina mafundi wa mota, ina maduka ya PVC. Ukishakuwa hewani, taja KI64 kwa fahari!